Kupaka Rangi Njia ya Reli ya Mfano na Kuijengea Mandhari: Mwongozo Kamili

Chuchumaa mpaka jicho lako lilingane na meza, kisha iangalie njia uliyomaliza kuitandika. Ukiwa umesimama ilipendeza. Ukiwa chini unaona mistari miwili inang'aa kama vijiko vipya, na mataruma ya plastiki meusi (vile vipande vya kukingama vinavyobeba reli) yanayometa kama viatu vilivyopigwa brashi asubuhi hiyo. Treni yoyote ikipita hapo, hata ile uliyoidundulizia mwaka mzima, itabaki kitu cha kuchezea. Milima na miti haitaficha aibu hiyo, kwa kuwa jicho la mtazamaji huifuata treni, na treni haitoki njiani (au tuseme, haipaswi kutoka).

Kwa hiyo tunaanza na njia yenyewe, halafu ardhi, halafu kokoto, na majani mwisho. Vipimo nitakavyotaja ni vya HO, yaani skeli ya 1:87 ambayo upana kati ya reli ni milimita 16.5. Mwenye N ya 1:160 apunguze karibu nusu. Mwenye O azidishe karibu mara mbili.

Shika jambo moja kabla hatujaanza. Ukiitazama meza ya HO kutoka mita 1, ni sawa na kutazama reli halisi kutoka mita 87. Kitu kilicho mbali hivyo hakionekani kwa rangi yake kamili. Hewa, vumbi na mwanga huififisha. Ndiyo maana rangi iliyofanana kabisa na kutu au na jani bichi, ukiipaka mezani, inapiga kelele. Makosa mengi ninayoyaona kwenye meza za watu, na niliyoyafanya kwenye yangu, ni ya ukoo mmoja: rangi kali mno, mng'ao mwingi mno, vitu vikubwa mno. Ukisita kati ya rangi mbili, chukua iliyofifia.

Kabla ya kufungua kopo

Rangi haipitishi umeme. Nyaya zote za kuleta umeme kwenye reli zilehemiwe sasa, chuma kikiwa bado kitupu, na kila kiungo kipimwe. Kisha endesha treni kwa siku kadhaa. Endesha mbele na kinyumenyume, na hasa behewa lako refu kuliko yote, kwenye kila kona na kila swichi, yaani pale njia inapogawanyika. Behewa likiruka mahali fulani leo, utanyanyua njia na kurekebisha kwa dakika kumi. Likiruka baada ya kokoto kugandishwa, utafukua kwa kisu na kulia kimoyomoyo.

Chama cha wapenzi wa reli za mfano cha Marekani, NMRA, kilichoanzishwa mwaka 1935, kina kibao chake cha chuma cha kupimia upana wa njia, magurudumu na nafasi inayohitajika pembeni ili behewa lipite. Ni kifaa kidogo kinachomaliza ubishi mwingi. Huna? Tumia magurudumu ya behewa unaloliamini.

Mwisho, futa njia yote kwa kitambaa chenye spiriti. Mafuta ya vidole ndiyo yanayofanya rangi ibanduke.

Kupaka rangi njia

Nenda kwanza ukatazame reli halisi, au picha yake iliyopigwa karibu. Utagundua kwamba kutu ya njia inayotumika kila siku si ya rangi ya chungwa. Ni kahawia iliyokolea, iliyochanganyika na vumbi la breki na grisi. Ile ya chungwa ni kutu changa, au ya njia ya pembeni iliyosahaulika. Juu, pale magurudumu yanapopita, chuma ni cheupe kwa kusuguliwa. Mataruma ya mbao huanza yakiwa meusi kwa dawa ya kuzuia kuoza, na jinsi miaka inavyokwenda hugeuka kijivu. Ya zege ni kijivu cha mwanga, na karibu na reli yana madoa ya kahawia. Ukiwa na njia kuu na njia ya pembeni kwenye meza moja, zisiwe na rangi moja. Tofauti hiyo peke yake inasimulia hadithi.

Hatua ya kwanza ni kulinda swichi. Ndimi zake, zile reli mbili nyembamba zinazosogea, hupokea umeme kwa kugusana na reli ya pembeni. Chukua kijiti cha meno, paka mafuta ya mgando kidogo sana pale zinapogusana na kwenye egemeo zinapozungukia. Rangi haitashika hapo, na baadaye utafuta. Mimi huchezesha swichi huku na huku kila baada ya dakika chache wakati rangi inakauka, ili isigande.

Kisha pulizia rangi ya kahawia isiyong'aa. Kipulizia kidogo cha hewa ndicho bora, lakini kopo la kawaida linatosha ukiwa na mkono mwepesi. Ujanja ni kupuliza kwa chini, karibu ulalo, upande mmoja wa reli halafu upande wa pili. Ukipuliza kutoka juu, mataruma yatazama katika rangi huku mbavu za reli zikibaki zinang'aa. Tabaka mbili nyembamba ni bora kuliko moja nene, kwa sababu rangi nene huziba vichwa vidogo vya misumari vilivyochongwa kwenye plastiki. Fungua madirisha, vaa barakoa. Kama unaweza, pulizia rangi vipande vya njia ukiwa nje, kabla hujavitandika.

Asiye na kipulizia atumie brashi ndogo bapa. Inachosha, lakini kwa njia ya mita 10 ni kazi ya jioni mbili tatu, na wengi wetu tulianza hivyo. Paka ubavu wa nje na wa ndani, na usihangaike ukigusa taruma.

Rangi ikiwa bado haijakomaa, futa uso wa juu wa reli. Chukua kipande cha mbao chenye ukubwa wa kiberiti, kizungushie kitambaa chenye spiriti kidogo, ukisukume juu ya reli. Mbao inahakikisha unafuta juu tu bila kugusa mbavu. Nenda kwa kipande cha nusu mita: paka, futa, sogea. Usitumie sufi ya chuma. Vipande vyake vidogo hunasa kwenye sumaku ya mota ya kichwa cha treni na kukiua polepole. Msasa wa mawe makubwa nao unaacha mikwaruzo inayokusanya uchafu maisha yote.

Sasa mataruma. Changanya rangi tatu au nne zinazokaribiana: kijivu, kijivu chenye kahawia, kahawia iliyopauka, nyeusi iliyolegezwa. Paka taruma mojamoja bila mpango, hapa mbili, pale moja, ruka tano. Nusu ya mataruma yaache na rangi ya awali. Zikishakauka, pitisha juu ya yote rangi nyeusi iliyozimuliwa kwa maji mpaka ionekane kama chai ya rangi. Itazama kwenye mifereji ya mbao na kuziunganisha zile rangi zako zilizotawanyika. Mahali treni zinaposimama, mbele ya stesheni na kwenye karakana, weka mstari mweusi wa grisi katikati ya reli mbili.

Ardhi

Funika njia yote kwa utepe mpana wa karatasi. Plasta inaruka, na kazi uliyoifanya haitaki kurudiwa.

Tabia ya wanaoanza ni kujenga milima juu ya ubao bapa, kama sahani zilizofunikwa mezani. Ardhi halisi haiko hivyo. Reli hupita mahali pa kati: upande huu wamekata kilima, upande ule wamejaza tuta. Kwa hiyo acha sehemu fulani za meza ziwe chini ya njia. Hata bonde la sentimita 5 linafanya kazi kubwa kuliko mlima wa sentimita 30, na ndipo daraja linapopata sababu ya kuwapo.

Kuna njia mbili za kujenga. Ya kwanza ni foamu ngumu ya vibao, ile ya kuzuia joto kwenye majengo. Unapanga tabaka, unazigandisha, unachonga kwa kisu kirefu na kulainisha kwa msasa. Jaribu gundi kwenye kipande cha kutupa kwanza, maana gundi nyingi zenye kiyeyushi huila foamu mbele ya macho yako. Ukikata kwa waya wa moto, chumba kiwe na hewa ya kutosha. Moshi wake si wa kuvuta.

Ya pili ni ya zamani na haina gharama. Kata maboksi vipande vya upana wa sentimita 2 au 3, visuke kama kikapu kutoka ukingo wa njia hadi kilele cha kilima, vigandishe, kisha tandaza juu yake vitambaa vyenye plasta vilivyolowekwa majini, tabaka mbili. Au chovya magazeti kwenye uji wa plasta. Plasta hutiwa kwenye maji, si maji kwenye plasta, kwa kadiri ya vikombe viwili vya plasta kwa kimoja cha maji. Maji ya uvuguvugu huiharakisha kuganda. Inayobaki iache igandie kwenye bakuli laini la plastiki, ukunje bakuli, itavunjika itoke. Usiimwage kwenye sinki, labda kama unampenda sana fundi bomba.

Plasta ikiwa bado mbichi, pitisha lile behewa refu kwa mkono. Kwenye kona, tumbo la behewa huingia ndani na ncha zake hutoka nje, na mwamba uliokaa vizuri kwenye njia iliyonyooka utakwangua rangi ya behewa kwenye kona. Ndani ya handaki acha nafasi ya mkono wako kuingia. Treni huanguka pale usipoweza kufika. Sijui kwa nini, ila ni hivyo. Paka weusi kuta za ndani za handaki kwa sentimita 15 za mwanzo, watazamaji wasione maboksi.

Miamba humwagwa kwenye kalibu za mpira na kugandishwa mlimani. Uzuri wake wote uko kwenye rangi. Usipake rangi moja. Tengeneza rangi tatu nyembamba kama maji: njano ya udongo, kahawia na nyeusi. Weka madoa ya njano hapa na pale yafunike kama theluthi ya mwamba, kisha ya kahawia, halafu osha yote kwa ile nyeusi iliyozimuliwa zaidi. Rangi zitachanganyika zenyewe na nyeusi itaingia kwenye nyufa. Ikikauka, chovya brashi kwenye nyeupe, ifute kwenye karatasi mpaka udhani rangi imeisha, kisha ipapase kwenye ncha za mawe. Hapo ndipo jiwe linapotokea.

Sehemu zilizobaki zipake kahawia ya udongo, yenye kijivu kidogo ndani yake. Kabla haijakauka, nyunyiza juu yake udongo halisi uliokaushwa vizuri na kuchekechwa kwa chekeche laini. Pitisha sumaku kwanza. Udongo mwingi una chembe za chuma, nazo zinajua njia ya kwenda kwenye mota. Hakuna rangi ya dukani inayofanana na udongo kuliko udongo.

Kokoto

Hapa ndipo watu huharibu. Toa ule utepe.

Kokoto za reli halisi huwa kama milimita 30 hadi 60. Gawa kwa 87, utapata kati ya milimita 0.35 na 0.7. Yaani ni kama mchanga. Bidhaa nyingi zinazouzwa kwa HO ni kubwa kuliko hivyo, na matokeo yake ni njia inayoonekana imelala juu ya viazi. Nunua saizi ndogo, au chekecha mwenyewe changarawe laini. Rangi iwe nyepesi kuliko unayoitaka, kwa sababu gundi huitia giza. Gandisha kidogo kwenye kibao cha majaribio uone.

Mwaga kokoto katikati ya reli kwa kijiko au kikombe cha karatasi kilichokunjwa mdomo, kidogo kidogo. Zisambaze kwa brashi laini, halafu gongagonga juu ya reli kwa mpini wa brashi. Chembe zilizopanda juu ya mataruma zitaruka na kukaa pengoni. Kokoto zisipite uso wa juu wa mataruma. Nje ya reli zishuke kwa mteremko ulionyooka kiasi. Zinazoegemea mbavu za ndani ziondoe zote, kwani ukingo wa gurudumu hupita hapo. Tumia muda wako hapa. Ukishaweka gundi hakuna rufaa.

Kulowesha ndiyo siri. Gundi ikidondoka juu ya kokoto kavu hujikunja kuwa shanga na kuchimba mashimo. Pulizia kwanza maji yenye matone mawili ya sabuni ya vyombo, au spiriti, mpaka kokoto zote ziwe zimelowa. Kinyunyizio kiwe cha ukungu mwembamba, na pulizia kwa juu ili dawa ishuke yenyewe, si kwa kuzisukuma. Kisha changanya gundi nyeupe ya mbao na maji, kimoja kwa kimoja au kimoja kwa viwili, na tone la sabuni. Dondosha kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tone baada ya tone, ukilitazama likinyweka na kusambaa. Njia ikishaonekana imejaa maziwa, umemaliza. Iache saa 24. Usiiguse kujua kama imekauka.

Kwenye swichi, weka kokoto chache, na pengo la fimbo inayosukuma ndimi liache wazi. Gundi iliyozimuliwa hutambaa kuliko unavyodhani. Swichi yangu ya kwanza niliigandisha imara kiasi kwamba iliweza kwenda upande mmoja tu, na kwa wiki nzima nilijiambia kuwa treni zangu hazina haja ya upande ule mwingine.

Zikikauka, fyonza zilizobaki kwa mashine ya kufyonza vumbi iliyovalishwa soksi nyembamba mdomoni. Kokoto zitakusanyika kwenye soksi, uzitumie tena. Kisha pulizia ukungu mdogo sana wa ile kahawia ya reli juu ya yote. Njia na kokoto zitakuwa kitu kimoja.

Majani na miti

Nyasi ndefu za nailoni husimamishwa kwa umeme tuli. Kifaa cha mkono kinazichaji, nazo zinaruka kufuata mkondo wa umeme hadi kwenye gundi mbichi na kusimama wima. Waya wake wa pili uunganishe na msumari uliochomekwa kwenye ile gundi mbichi, karibu na unapofanyia kazi. Ukiwa mbali nyasi zitalala. Urefu wa milimita 2 ni kama nyasi ya sentimita 17 katika HO, milimita 4 inafika sentimita 35, na 12 ni kichaka cha mita nzima. Changanya urefu na changanya rangi, kijani kikiwa nusu tu na nyingine zikiwa za majani makavu. Acha mabaka ya udongo. Meza iliyofunikwa kijani kimoja inafanana na kitambaa cha meza ya biliadi.

Bila kifaa hicho, nyunyiza sponji iliyosagwa: nyembamba iliyopauka kwanza, halafu ya mafungu mafungu kwenye mabonde na kando ya mawe, mahali maji yangekusanyika.

Mti wa mita 20 katika HO una urefu wa sentimita 23. Pima kwa rula na utashangaa. Karibu wote tunapanda miti mifupi kwa sababu ya nafasi. Mirefu iweke mbele, mifupi nyuma, na meza itaonekana ina kina. Shina tengeneza kwa waya mwembamba uliosokotwa na kufunguliwa kuwa matawi, uupake plasta laini au gundi nzito, kisha kijivu. Watu hupaka mashina kahawia kwa mazoea, wakati magome mengi ni ya kijivu. Kwa msitu, miti mizuri mitano pembezoni inatosha. Ya nyuma yake iwe vibonge vya nyuzi vilivyonyunyiziwa sponji.

Ukuta wa nyuma upake anga lenye bluu juu na karibu nyeupe kwenye upeo. Vilima vya mbali viwe na bluu na kijivu, bila maelezo.

Maji

Kitanda cha mto paka kijani iliyokolea au kahawia katikati, na rangi ya udongo ukingoni, ukizichanganya zikiwa mbichi. Hapo ndipo kina kinapopatikana. Ziba kila tundu, kwa maana rezini, kile kimiminika kinachoganda na kuwa maji yetu, hupata mwanya hata pale maji yangeshindwa, na utaikuta sakafuni. Hakikisha meza iko sawa kwa pimamaji. Mimina rezini ya sehemu mbili kwa tabaka la milimita 3, subiri saa 24, ndipo uongeze. Tabaka nene hupata joto, hupasuka au hubaki na mapovu. Mawimbi madogo yachore juu kwa gundi nzito inayokauka ikiwa wazi na yenye mng'ao. Ni sehemu pekee ya meza inayoruhusiwa kung'aa, ukiacha uso wa reli.

Treni ya kwanza

Pitisha sumaku iliyofungwa kwenye kijiti juu ya njia yote, ufyonze vumbi, ufute uso wa reli tena kwa mbao na spiriti. Chezesha kila swichi mara kumi. Kisha weka kichwa cha treni peke yake, bila mabehewa, na ukiendeshe kwa mwendo wa chini kabisa kinaoweza bila kukwama. Mwendo wa kasi huficha kila kitu. Kikipunguza mwanga au kikishtuka, tia alama kwa penseli pale pale: karibu kila mara ni tone la gundi juu ya reli au chembe moja ya kokoto kwenye ubavu wa ndani, na kijiti cha meno kinatosha kuiondoa. Zungusha mpaka alama ziishe, ndipo uunganishe mabehewa.